Ufunguo wa Sanduku la Maziko

Saumu,

Salamu tutapeana jioni ukirudi, maana mpaka sasa bado wewe ni mtu wa nyumba hii na kandambili zako ziko mlangoni. Nakuandikia mchana, wewe uko Changamwe kwa mama yako mdogo Zuhura unamuaga, na kesho asubuhi utapanda basi la kukupeleka Kitale. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya lile sweta jipya. Usiisome humu nyumbani. Isome ukishapita Voi, mahali ambapo kuteremka na kurudi ni taabu.

Jambo la kwanza nakwambia mwenyewe, ingawa ukirudi jioni utakuwa umeshalisikia kwa majirani. Bi Mishi amefariki leo saa nne asubuhi. Mungu amrehemu. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu, na hapa nilipo nasikia watu wakipanga viti. Nimempigia Zuhura nikamwomba akufichie simu yako, akwambie imekwisha moto, akwambie lolote. Wewe hutamuosha Bi Mishi. Na mimi pia simuoshi. Nimekaa kwenye meza ya chakula na kalamu mkononi, mlango nimeurudisha, na sitoki.

Najua hapo utashtuka. Kwa miaka ishirini na kitu hakuna mwanamke wa Kiislamu aliyekufa mtaa wetu huu wa Mishomoroni asioshwe na mkono wangu, na kwa miaka tisa sasa mikono imekuwa minne, yangu na yako. Leo wanaosha wengine. Nimekusudia hivyo, na anayetaka kununa na anune.

Sitakuandikia ule nini huko wala ujifunike nini. Una miaka ishirini na minane, una cheti chako cha uuguzi, na hiyo zahanati wanakupa wewe uisimamie. Mtu anayekabidhiwa wagonjwa hafundishwi kuchemsha maji. Nataka kukwambia nilivyokosea, kwa sababu makosa yangu yamekaribia kukufungia mlango. Alhamisi nilipita chumbani kwako nikaona nguo ulizokuwa umezikunja zimerudi kabatini. Nilijua ni yale maneno ya ami yako Shee, na nilijua pia kwamba Shee asingekuwa na la kusema kama mimi nisingempa.

Tuanze na kikundi chenyewe. Tuzikane alikianzisha bibi yako, mamangu mimi, yeye na majirani saba. Kazi yake unaijua: kuosha maiti, kushona sanda, kuwapikia waliofiwa, kuchota maji, kuwatazama wagonjwa kabla hawajafika huko. Bibi yako alipokufa nikarithi funguo mbili. Moja ya sanduku la bati, lile lenye sanda na pamba na karafuu maiti. Ya pili ya banda la kitanda cha kuoshea. Nikazifunga pembeni mwa leso yangu, na hapo zikakaa. Nikienda sokoni ninazo, nikienda harusini ninazo, nikilala ziko chini ya mto. Watu wakinisifu kwa hilo. Wakisema Bi Rehema ana amana.

Wewe ulikuwa bwenini, kidato cha pili, alipokufa Zainabu. Unamkumbuka Zainabu, shoga yangu, aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Alikufa ghafla, asubuhi. Siku hiyo nilikuwa Mwakirunge kwenye shughuli ya binamu yangu, na simu ilikuwa imezima. Wanawake wa kikundi walijaa uani kwake, zaidi ya ishirini. Maji yakachemshwa yakapoa, yakachemshwa tena yakapoa. Sanduku lilikuwa kwangu, na kufuli lake lilikuwa dogo, ungelivunja kwa jiwe. Hakuna aliyelivunja. Hakuna aliyekwenda kuazima kitanda mtaa wa pili. Wanaume wakaswali adhuhuri wakakaa kungoja, wakaswali alasiri wakakaa tena. Kila aliyeuliza aliambiwa, "Bi Rehema hajarudi."

Nilifika alasiri inakwisha. Nilipokunja kona nikawaona wote wamesimama wananitazama, na hapa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilifurahi, Saumu. Shoga yangu yumo ndani amekufa, na moyo wangu mimi ukasema, waone, bila mimi hawawezi. Nilipaswa kukimbia. Nikatembea polepole, ili wanione nikifika.

Mwanajuma, binti yake Zainabu, alikuwa ameketi kizingitini. Nilidhani ataniangukia alie. Akaniamkia, "Shikamoo, mama Rehema." Nikaitika. Akasema, "Mamangu amekungoja kutwa."

Nikaingia nikamuosha mamake. Tulimzika jua linatua. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi, kwa sababu wote waliona ni sawa kwamba maiti angoje mwenye ufunguo.

Mwenye akili angezitoa zile funguo siku ile ile. Mimi nikaunda kamati. Usicheke. Sisi watu wazima tukitaka kulikwepa jambo huwa tunaliundia kamati. Nikaketi na daftari nikaandika kamati sita: ya kuosha, ya sanda, ya jikoni, ya maji, ya wagonjwa, na ya kusafirisha maiti bara, kwa maana wakati ule kikundi kilikuwa tayari kina wenzetu Wakristo ambao watu wao hurudishwa kuzikwa kwao. Nikapeleka karatasi ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa msichana wa Kikamba, mdogo kuliko wewe ulivyo leo. Akasoma, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Mama, mwenyekiti wa jikoni ni wewe?"

"Ndiyo."

"Na wa maji?"

"Ndiyo."

"Na wa sanda, na wa wagonjwa. Sasa mama, hizi kamati zikikutana, zinakutania wapi? Kwa kichwa chako?"

Nilimuona hana adabu. Nikarudi nimenuna njia nzima, nikamsema kwa wenzangu kwamba watoto wa siku hizi wakipewa meza tu basi. Ilinichukua miezi kukubali kwamba yule msichana alikuwa ameniona mpaka ndani. Sote tunajua kusema kidole kimoja hakivunji chawa. Tukishasema, tunakwenda kutafuta kidole kinene zaidi.

Basi nikafuta majina nikaandika mengine. Jikoni nikampa Achieng', yule ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye bohari la mafuta Changamwe. Achieng' ana nguvu, ana sauti, na watu humsikiliza. Nilidhani nimemaliza.

Simu imelia. Ni Mwanajuma. Sikupokea. Nimeilaza kifudifudi juu ya meza.

Nirudi kwa Achieng'. Matanga ya kwanza chini ya uongozi wake, akapika pilau, na wali ukamzidi maji ukawa kama bokoboko. Na unatujua sisi watu wa pwani, tukisikia mtu wa bara yuko kwenye sufuria ya pilau huwa tumeshakunja uso kabla ya mfuniko kufunuliwa. Mimi nikaingia jikoni, mbele ya wanawake wote, nikamtoa mwiko mkononi. Nikasema, "Lete, lete, mwanangu, wacha niokoe." Nilimwita mwanangu, na tuna umri mmoja.

Achieng' akafuta mikono kwenye leso. "Mama Saumu, kama kazi ni yako, si useme ni yako. Usiniite mkubwa wa jikoni halafu unipokonye mwiko mbele ya watu. Mimi sikuji tena."

Na hakuja miezi mitatu. Wala wenzake wa jikoni hawakuja, maana walishaona ukubwa wenyewe ni wa karatasi. Maziko mawili nilipika mimi peke yangu, nikaosha mimi, nikagawa chai mimi. Ya pili yalipokwisha nilikaa uani mguu umevimba, nikasikia mtu akisema, "Bi Rehema ni chuma." Nilitamani kulia. Chuma hakiulizwi kama kimechoka.

Nikaenda kwa Achieng'. Nilikwenda na ulimi mzito, maana kuomba msamaha sikulelewa nako. Akanikaribisha, akanipa chai ya maziwa mengi ile yao, akaniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nitarudi. Lakini nikirudi, wewe hauingii jikoni."

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

Nikakubali. Matanga yaliyofuata wali ulitoka mgumu. Nikaula, nikanyamaza. Matanga ya tatu ulitoka wali wa watu. Leo sisemi zaidi, ila wapo wanaume wa mtaa huu wanaouliza nani amepika kabla hawajauliza nani amekufa.

Kwa hiyo, mwanangu, wakikwambia kamati ni uvivu, au ni njia ya kupoteza wakati kwa chai na mandazi, usiwaamini, lakini pia usiwabishie sana, maana kamati za namna hiyo zipo na mimi nimeziunda. Kamati yetu ya maji ilikuwa na watu wanane. Siku ya kwanza mapipa yalibaki makavu, kila mmoja alidhani mwenzake ameshachota. Sasa wako watatu, na kila pipa lina jina la mtu. Kujua hilo kulinigharimu aibu mbele ya wafiwa. Wewe lichukue bure. Ukimpa mtu kazi, mpe na ufunguo wake. Mpe na ruhusa ya kuikosea mbele yako, na wewe uikalie mikono yako. Hilo la mwisho ndilo gumu, na wengi hawaliwezi. Mimi lilinishinda kwa miaka, tena kwa kamati niliyoipenda kuliko zote.

Kamati ya kuosha sikumpa mtu. Nilikuwa na sababu nzuri, na hizo sababu nzuri ndizo za kuogopa. Nikisema hii ni kazi ya siri. Na kweli ni ya siri: unaloliona kwenye mwili wa mwenzio unakufa nalo. Lakini mimi nilichanganya siri mbili. Siri ya maiti ni ya maiti. Namna ya kumuosha haikuwa siri hata siku moja, iko kwenye vitabu, inafundishwa madrasani, mtu yeyote mwenye moyo ataijua. Mimi nikaifungia pamoja na pamba ndani ya sanduku, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niamkiwe kwa adabu njia nzima kutoka hapa mpaka stendi.

Kisha nikafanya lile ambalo nakuomba radhi kwalo. Ulipotimiza miaka kumi na tisa nikakuchukua wewe. Nikakufunza vipande vitano vya sanda ya mwanamke, maji ya mkunazi, kuanza na upande wa kulia, kusuka nywele mafungu matatu. Ulikuwa na mkono mwepesi na uso usiobadilika, na mimi nilijigamba. Nikajiambia nimegawa kazi. Sikugawa kitu. Nilijiongezea mikono miwili tu. Umekosa harusi za wenzako kwa sababu ya maziko. Yule kijana aliyekuja kukuposa, mkutano wa kwanza wa wazee uliahirishwa kwa sababu ulikuwa unaosha, na wa pili pia, mpaka wakaona tunawafanyia dharau. Hukunilaumu. Ulifanana na Mwanajuma pale kizingitini, na mimi sikuona.

Sasa Shee. Alikuja Jumanne baada ya alasiri, na kanzu yake imenyooka, akakataa kuketi kwenye kochi akataka kiti cha mbao, nikajua amekuja kama ndugu mkubwa wa marehemu babako. Wewe ulikuwa jikoni. Ulisikia, lakini nataka usikie tena kwangu.

"Rehema, huyu mtoto yuwaenda kweli?"

"Yuwaenda, inshallah."

"Na wake zetu wataoshwa na nani?"

"Na wanawake, shemeji."

"Wanawake wepi? Kazi hii ina wenyewe. Ilikuwa ya mamako, ikawa yako, na sasa ni yake. Hayo mambo ya kamati ni ya maofisini. Maiti haoshwi na kamati."

"Shemeji, wallahi nakuheshimu. Lakini binti yangu si kitanda cha kuoshea, kwamba akiondoka mtaa umepungukiwa na chombo."

Hakupenda. Akageuza fimbo yake mkononi mara mbili, kisha akasema lile alilokuja nalo. "Haya. Na siku yako wewe ikifika, naye yuko huko Kitale, nani atakuosha?"

Hapo nikasikia kifuniko kimeanguka jikoni. Nikamwambia Shee anywe chai yake, inapoa. Hilo halikuwa jibu, najua. Jibu nililiweka lako, na hili ninaloandika ndilo.

Tangu barua yako ya kazi ilipokuja, miezi miwili iliyopita, kila Jumatano nilikuaga nakwenda darasani. Sikwenda darasani. Nilikwenda kwa Mwanajuma. Ndiyo, huyo huyo. Nilimwendea kwanza yeye, nikamwambia, "Nataka kukufunza kazi ambayo mamako aliingojea." Akasema, "Wanne. Nikifunzwa peke yangu sitaki." Kumbe yeye alikuwa ameshalielewa jambo ambalo mimi nalitafuta tangu siku ile ya mamake.

Akawatafuta wenzake watatu. Tukatoa kitanda bandani tukakiweka chumbani kwake, tukafunga madirisha. Sasa mtu atajifunza kuosha kwa kuosha nini? Nikavaa dira kuukuu, nikapanda kitandani mwenyewe, nikalala. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwosha huoshwa, tunasema kila siku, na hakuna anayejaribu kabla ya siku yake.

Baridi ya ule ubao sitakusimulia. Lakini baridi haikunishinda. Kilichonishinda ni mdomo. Wakianza tu, "Si hivyo, kiwiko kwanza." "Shusha kitambaa." "Huyo anayemwaga maji amwage taratibu, mnanizamisha." Wiki ya kwanza nilisema tangu mwanzo hadi mwisho. Wiki ya pili Mwanajuma akaweka bakuli chini, akainama mpaka uso wake ukawa juu ya uso wangu.

"Maiti hasemi, mama Rehema."

Nikanyamaza. Wallahi, Saumu, sijawahi kufanya kazi nzito kama ile ya kulala kimya nikikosewa. Walianza upande wa kushoto. Nikanyamaza. Wakasimama wenyewe, wakatazamana, mmoja akasema, "Ngojeni, si tulianza na kulia?" Wakarudia. Yaani walijisahihisha wenyewe, na mimi nikiwa pale pale, na dunia haikuanguka. Machozi yalinitoka yakaingia masikioni. Nikailia miaka yangu yote niliyokuwa nasimama juu ya watu nikiwapokonya mwiko.

Jumatano iliyopita, siku moja baada ya Shee, na siku moja kabla sijaona nguo zako kabatini, niliteremka kitandani, nikafungua pembe ya leso, nikampa Mwanajuma funguo. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Uongo. Nilijiona kama niliyevuliwa nguo. Mpaka sasa mkono wangu unakwenda pembeni mwa leso kila mara. Utazoea, na mimi nitazoea.

Simu imelia tena mara mbili. Sasa imenyamaza.

Huko uendako utamkuta mtu mmoja. Kila mahali yupo. Anajua kila dawa iko kabati gani, anajua jenereta linawashwaje, anajua mama fulani hupenda kuhudumiwa vipi, na hakuna mwingine anayejua. Kila mtu atakwambia huyo ndiye nguzo ya zahanati. Mheshimu, lakini siku ya pili tu muulize, "Ukiugua, nani anajua?" Atakasirika. Mimi nilipoulizwa nilikasirika. Na baada ya mwaka uangalie vizuri, usikute huyo mtu amekuwa wewe. Una damu yangu. Ukiona watu wanakungoja na moyo wako unaona raha, rudi nyumbani ukalale, maana umeshaanza kuugua ugonjwa wangu.

Watakaokwambia umewatupa watu wako watakuwepo, baadhi yao watapiga simu mpaka huko. Waambie wanipigie mimi. Nimewahi kuitwa nguzo, chuma na mwenye amana, sasa waniite mwenye kiburi, nimezeeka vya kutosha kulivumilia na hilo.

Hapa niliiacha kalamu, kwa sababu mlango umegongwa. Alikuwa Mwanajuma. Jeneza limeshatoka, wanaume wamelichukua baada ya alasiri kama inavyotakiwa, halikungoja mtu. Alikuwa na maji maji kwenye mikono ya nguo yake na ananuka karafuu maiti. Nyuma yake Achieng' alinipungia mwiko kutoka upande wa pili wa njia, akapita zake.

"Ulipiga simu," nikamwambia. "Ulitaka kuniuliza nini?"

"Nimeshajua."

"Mmekosea mahali?"

"Tumekosea."

"Wapi?"

Akatabasamu, tabasamu la mamake lile la kushika ukuta. "Sikwambii, mama. Hayo ni ya kamati."

Akaenda zake. Nami nikarudi mezani, na nakumalizia.

Ami yako aliuliza nani ataniosha siku yangu. Wako wanne, Saumu. Wameshaniosha mara nane na kila wiki wanazidi kuwa hodari. Siku hiyo ukipigiwa simu usilie barabarani ukimwambia dereva aongeze mwendo, usiwaambie watu waningojeshe ufike. Mimi nilimngojesha Zainabu kutwa, na sitaki kungojeshwa wala kumngojesha mtu. Maliza mgonjwa uliyenaye mkononi. Kabidhi ufunguo. Kisha uje taratibu, uingie ndani ukae na wenzako mkekani, uletewe wali wa Achieng', unililie. Mikono yako siku hiyo haitakuwa na kazi. Utakuwa mwanangu tu.

Mamako,
Rehema